Goli la Upande wa Ziwa

Uwanja wetu una magoli mawili yasiyofanana, ingawa mwamuzi huyapima kwa utepe uleule kila msimu unapoanza. Moja liko upande wa mlima, na nyuma yake kuna ukuta wa matofali. Mpira ukigonga pale unarudi wenyewe. La pili limelipa ziwa mgongo. Nilipokuwa kijana, kati ya goli hilo na maji kulikuwa na barabara ya mchanga, safu ya nyumba, na eneo pana ambapo akina mama walianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Kisha Tanganyika ikapanda, mwaka mmoja kidogo, mwaka mwingine sana, ikachukua nyumba, barabara na eneo la ndagala, ikasimama hatua kumi na mbili kutoka kwenye wavu. Nimezihesabu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa jiografia kule mtaa wa Songo, na kuhesabu hatua ni ugonjwa wangu.

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ya maji. Haikuandikwa popote, lakini katika mji wa Uvira hakuna mchezaji asiyeijua. Anayeupiga mpira ukaingia ziwani anaufuata mwenyewe kwa kuogelea, na wenzake wanaendelea wakiwa kumi, kwa mpira wa akiba, mpaka arudi na ule wa kwanza mkononi. Uwe nahodha, uwe umefunga magoli matatu, unavua viatu unaingia. Mipira ni miwili tu, na yote miwili ikielea mechi imekwisha. Timu ngeni hucheka zikielezwa, halafu zinaloa kama sisi. Kuhusu viboko wa ziwani, huwa tunawaambia kwamba hutoka asubuhi na mapema, na mechi zetu zinaanza saa tisa alasiri. Viboko wenyewe hawajaulizwa.

Naanza na maji kwa sababu bila hayo hutaelewa upumbavu nilioufanya, wala jambo kubwa nililoliona baadaye.

Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kuchagua wachezaji katika timu moja ya hapa mjini. Sipewi mshahara. Napewa kiti na kofia, na kofia yenyewe niliinunua mimi. Timu ziko nane, na zamani ziligombania vijana wa vyuo vikuu kwa fujo: huyu anamfuata mchezaji mpaka darasani, yule anamficha nyumbani kwa mjomba wake ili wapinzani wasimwone. Siku moja viongozi walichoka, wakakubaliana. Kila mwaka vyuo vinacheza mashindano yao kwa wiki mbili. Yakimalizika, timu zote nane zinakutana katika ukumbi wa parokia, majina ya wanafunzi yanaandikwa ubaoni kwa chaki, na kila timu inachagua kwa zamu. Iliyoshika mkia msimu uliopita inaanza. Bingwa anachagua mwisho. Jina likishachaguliwa linafutwa, na hakuna kurudi nyuma.

Hiyo ndiyo kazi yangu: kukaa wiki mbili uwanjani na daftari na penseli, na siku ya ukumbi kusimama na kutaja jina moja. Wengine wana dini, wengine wana pombe. Mimi nina saa ile ambapo mtu usiyemjua anagusa mpira mara ya kwanza na wewe unainama mbele bila kujua umeinama. Sijui kitu kinachonifurahisha zaidi, na mke wangu anajua hivyo na amenisamehe.

Sasa upumbavu wenyewe. Mwaka mmoja kabla ya huu ninaousimulia, nilimchagua golikipa. Katika mashindano yote nilikuwa nimekaa mahali pangu pa siku zote, nyuma kidogo ya goli la upande wa ziwa, kwa sababu pale pana upepo na upande wa mlima ni joto tupu. Golikipa yule alinishangaza. Kila alipokuwa mbele yangu hakupitwa. Aliudaka mpira kwa utulivu wa mtu anayepokea mkate mezani. Nilijaza kurasa tatu za sifa zake. Kipindi alichokuwa upande wa mlima alikuwa mbali na jua lilinipiga machoni, kwa hiyo magoli aliyofungwa kule niliyaandika kuwa makosa ya mabeki.

Wewe umeshaelewa. Mimi sikuelewa mpaka mechi yetu ya kwanza ya ligi, alipofungwa manne kipindi kimoja upande wa mlima, kwa mashuti ambayo hata hakuyaona. Hakuna mtu anayepiga shuti kali kwenye goli la ziwa! Nani anataka kukosa, avue viatu, aogelee? Wanafika pale wanausukuma mpira polepole, kwa adabu, na golikipa wangu alikuwa bingwa wa kudaka adabu. Nimezaliwa katika mji huu, sheria ile naijua tangu siku yake ya kwanza, na bado nilikaa hatua chache kutoka majini nikamsifu mtu kwa kazi iliyofanywa na ziwa. Tulimaliza msimu tukiwa wa mwisho kabisa. Golikipa mwenyewe hakuninunia. Siku hizi anauza vocha za simu kule Mulongwe, na nikipita ananiita “mwalimu” kwa sauti ya upole inayonichoma kuliko matusi.

Kwa sababu tulishika mkia, mwaka uliofuata zamu ya kwanza ilikuwa yetu. Rais wa timu yetu ni mama mmoja mwenye duka la dawa, mwanamke mkubwa wa umbo na mfupi wa maneno, ambaye amelea watoto sita na timu moja na anasema timu ndiyo iliyomsumbua. Aliniita dukani kabla ya mashindano kuanza. Alimhudumia mteja wake mpaka akamaliza, ndipo akanigeukia.

“Mwalimu, minye sisemi mingi,” akasema. “Mwaka jana ulituletea mulango wazi. Huu mwaka unachagua tena, kwani zamu ya kwanza iko yetu, na hatuna mwingine mwenye anajua batoto ba vyuo kukuzidi. Lakini ekipe ikishuka, hii kaye yako unaiweka hapa ku meza, na unaenda kufundisha bana mito na milima.”

Timu ya mwisho hubaki ligi mwaka mmoja tu kwa huruma. Ikimaliza ya mwisho mara mbili mfululizo, inashuka. Basi ilikuwa wazi: nikikosea jina moja, timu inashuka na mimi nanyang'anywa daftari. Na siwezi kusema uongo, usiku ule sikuwaza timu. Niliwaza daftari. Nina miaka hamsini na mitatu. Nilijiuliza kama macho yangu yaliwahi kuona kitu chochote, au kama miaka yote ile nilikuwa nikitazama upepo.

Mashindano yalipoanza nilihamisha kiti. Nilikaa katikati, kwenye joto, na mwavuli wa mke wangu. Na daftari nililigawa: kila mchezaji alipata kurasa mbili zinazotazamana, ukurasa wa kushoto kwa anayoyafanya upande wa ziwa, wa kulia kwa anayoyafanya upande wa mlima. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo hapa kwetu, na nilijisikia fundi kweli.

Yaliyotokea yalinichekesha kwanza. Kurasa hazikufanana hata kidogo. Beki aliyekuwa simba upande wa mlima, anayefagia kila kitu mpaka ukutani, akifika upande wa ziwa alikuwa bibi arusi: anageuka, anasita, anausukuma mpira nje pembeni kwa kisigino. Mshambuliaji mmoja mrefu wa chuo cha ualimu, ambaye mji mzima ulikuwa ukimwimba, alifunga magoli tisa. Yote tisa upande wa mlima. Upande wa ziwa nilimwandikia neno moja: “anatembea.” Mchezaji baada ya mchezaji, niliona jinsi ziwa lilivyokuwa limeingia uwanjani na kucheza nasi miaka yote bila jezi.

Kisha, siku ya nne, nikageuza ukurasa wa beki mmoja wa chuo cha kilimo na kuona kwamba kurasa zake mbili zilikuwa sawa.

Nilidhani nimekosea. Nilirudia kusoma. Kushoto: “ananyang'anya, anatoa pasi. Ananyang'anya, anatoa pasi. Hakupiga.” Kulia: “ananyang'anya, anatoa pasi. Hakupiga.” Mechi mbili, pande zote mbili, neno kwa neno. Sikumkumbuka hata sura. Alikuwa amecheza dakika mia na themanini mbele ya macho yangu, nikaandika kila alilolifanya, na sikuwa nimemwona.

Kesho yake sikutazama kitu kingine. Alikuwa kijana mwembamba, miguu mirefu kidogo kuliko alivyohitaji, soksi zimeshuka. Timu yake ilibanwa upande wa ziwa kipindi chote cha pili. Mpira uliletwa kwake juu, chini, ukiruka, ukizunguka, na wapinzani wawili wawili mgongoni. Hakuupiga hata mara moja. Aliingiza mguu mahali ambapo sikuona nafasi, mpira ukatulia, na kabla mtu hajageuka ulikuwa umeshafika kwa mwenzake aliyekuwa peke yake. Alifanya hivyo mara kumi na tisa. Niliacha kuandika ilipofika mara ya kumi, nikawa nahesabu kwa vidole. Mara moja mpira ulitua kati yake na goli tupu, watu watatu wanaukimbilia, na mimi nikasema kwa sauti, “Sasa utapiga, utake usitake.” Akaweka unyayo juu ya mpira. Akasimama. Wale watatu wakampita kwa mbio zao wenyewe, wote, na yeye akaugusa pembeni, taratibu, akamrudishia golikipa.

Nilitazama kulia na kushoto nione nani mwingine ameona, na watu walikuwa wanazomea. “Muoga huyu! Piga balo!” Hawakuona kitu. Nilikuwa nimekaa kati ya mamia ya watu, na nilikuwa peke yangu na muujiza, na nilitaka kulia kwa furaha na pia kumpiga mwavuli yule bwana wa mbele yangu aliyekuwa akipiga mluzi.

Baada ya mechi nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye tofali anafungua viatu.

“Weye unatoka wapi?” nikamuuliza.

“Kamanyola, mwalimu.”

“Unajua kuogelea?”

Akatazama chini kama mwanafunzi asiyefanya zoezi. “Aa-a. Kwetu iko muto Ruzizi, na Ruzizi iko na mamba. Mama hakutuachaka tukaribie maji. Minye sijue hata kidogo.”

Nilikaribia kumkumbatia. Kumbe ndiyo hiyo! Kila kitu kilijipanga kichwani mwangu. Beki asiyejua kuogelea, katika uwanja ambapo anayeupiga ziwani lazima aufuate: huyo hana ruhusa ya kukosea. Wenzake wakibanwa wanaweza kufyatua na kuloa. Yeye akifyatua amekufa, au amefedheheka, na kwa kijana wa miaka ishirini na miwili hayo mawili hayana tofauti. Woga wa maji ulikuwa umemfundisha kile ambacho makocha hawawezi kufundisha. Nilirudi nyumbani nikimweleza mke wangu nadharia yangu kuanzia mlangoni, na aliniacha nimalize ndipo akaniuliza mwavuli wake uko wapi.

Siku ya ukumbi watu walijaa mpaka madirishani. Jina la mshambuliaji mrefu lilikuwa la kwanza ubaoni, limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine, na mwenye chaki alikuwa ameshashika kifutio mkononi, anasubiri tu nilitaje. Mama rais alikaa kando yangu na mkoba wake mapajani. Nikasimama. Nikataja jina la beki wa chuo cha kilimo.

Mwenye chaki akalitafuta, lilikuwa chini kabisa, karibu na fremu. Kisha kicheko. “Ule mwenye hapigake balo?” mtu akauliza kutoka dirishani, na ukumbi mzima ukalipuka. Mjumbe wa timu iliyofuata aliruka kama aliyeumwa na siafu akamtaja mshambuliaji, jina likafutwa. Mama rais hakunitazama. Alifungua mkoba, akatoa leso, akajifuta uso polepole.

“Mwalimu,” akasema, “natumaini umeona kitu, kwani minye sijaona.”

“Nimeona, mama.”

“Mungu akusaidie.”

Mungu hakuharakisha. Miezi ya kwanza ilikuwa ya mateso. Mashabiki wetu wenyewe walimpigia kelele kila alipogusa mpira: “Piga! Toa! Piga!” Katika mechi ya tatu aliteleza kwenye tope, akanyang'anywa, tukafungwa, na nilisikia jina langu likitajwa pamoja na la mnyama. Kocha alitaka kumweka benchi. Nilimwomba kwa heshima, kisha kwa magoti. Polepole, bila mtu kutangaza, jambo likaanza kubadilika. Wachezaji wetu wa mbele waligundua kwamba mipira inawafikia miguuni badala ya kuanguka kutoka mawinguni. Wakaacha kukimbilia hovyo, wakaanza kumtazama yeye na kujiweka mahali pazuri. Hatukuwa wazuri. Lakini tuliacha kuwa wabaya sana, na ilipofika mechi ya mwisho tulihitaji sare tu ili tubaki.

Wapinzani wa siku ile walikuwa timu iliyomchukua mshambuliaji mrefu. Kama ningeisoma mahali ningesema mwandishi amezidisha, lakini timu ni nane tu, na lazima ukutane na mtu.

Kipindi cha pili tulikuwa tunalinda goli la ziwa. Tulikuwa sare, goli moja kwa moja. Nilishindwa kukaa, niliacha kiti katikati nikatembea mpaka mahali pangu pa zamani, nyuma ya wavu, daftari mfukoni. Zilikuwa zimebaki dakika nane hivi. Mshambuliaji mrefu alipenya katikati, na safari hii hakutembea. Sijui ni nani aliyemwambia asahau maji. Alipiga. Golikipa wetu akaugusa kwa vidole, mpira ukapanda, ukampita, ukawa unashuka kwenye mstari wa goli, na wapinzani wawili walikuwa wameshafika kuumalizia.

Kijana wangu alikuja akikimbia huku akilitazama goli letu. Hakukuwa na mahali pa kuweka unyayo, wala mtu wa kumpa. Akauchota kwa mguu wa kulia, juu ya mwamba wa goli, kwa nguvu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba alikuwa nayo. Ulinipita juu ya kichwa ukivuma. Niligeuka kuufuata, na ulikuwa bado unakwenda, mdogo, mweupe, juu ya maji. Sijawahi kuona mpira ukipigwa mbali hivyo. Ulitua mahali ambapo wavuvi huanza kushusha nyavu.

Kona. Mwamuzi akaitisha mpira wa akiba na kutunyooshea kidole: tucheze kumi. Na kijana wangu akaketi, akafungua viatu, akavipanga vizuri kimoja kando ya kingine. Kisha akaanza kuingia ziwani.

Nilidhani atasimama maji yakifika magotini, ainue mikono, aseme hajui, tumalize mechi tukiwa kumi. Kila mtu angemwelewa. Hakusimama. Magoti, kiuno. Aliendelea kwa hatua ndogondogo, anapapasa chini kwa unyayo kabla ya kuukanyaga, mikono ameiinua juu ya maji. Tumbo, kifua. Mbele yake palikuwa na mteremko ninaoujua vizuri, ulikuwa ukingo wa barabara ya zamani. Nilimwita, hakusikia au hakutaka kusikia. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, niliyaona, na alikuwa bado anakwenda. Nimeona watu hodari. Sijaona tena mtu anayeogopa namna ile na miguu yake haimwulizi.

Sikumbuki kuvua kitu. Sikuvua, maana baadaye viatu vilinisumbua sana. Nilimpita nikamwambia, “Simama hapo! Hata hatua moja!” kwa sauti ya darasani, na hiyo aliitii. Nikaogelea. Suruali ilinivuta chini, upepo ulikuwa ukiusukuma mpira mbali nami, na nyuma nilisikia uwanja ukipiga kelele nisijue kama kona imeingia au imetoka. Niliufikia nikiwa sina pumzi. Nilirudi nikiusukuma kwa kidevu, bila haya yoyote. Alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, maji kifuani, mikono imenyooshwa mbele kunipokea, au kuupokea mpira, sijui. Niliuweka mikononi mwake. Akageuka akatoka mbio akiwa ameukumbatia.

Wapinzani wakamzingira mwamuzi. “Ule mwalimu njo ameutoa! Haiko yeye!”

Mwamuzi alimtazama kijana aliyelowa mpaka shingoni, akanitazama mimi niliyekuwa natambaa kwenye mchanga. “Sheria inasema arudi nao mu mikono,” akasema. “Iko mu mikono yake. Mucheze.”

Mechi iliisha sare, goli moja kwa moja. Tulibaki.

Mama rais alinikuta nimeketi kwenye mchanga namwaga maji kutoka viatuni. Alisimama juu yangu, machozi yanamtoka na hayafuti.

“Kaye iko wapi?” akaniuliza.

Niliitoa mfukoni. Ilitoka nzito, inachuruzika. Nikamnyooshea, maana nilidhani anaitaka. Akaitazama, akanitazama.

“Kaanike,” akasema.

Niliianika kando ya ndagala za jirani, na inanuka hivyo mpaka leo. Bahati nzuri naandika kwa penseli, na penseli haifutwi na maji.

Kuanzia hapo nilimfundisha kuogelea. Sikutaka tena kuona mabega yale. Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda mahali pa kina kifupi, mimi nimeshika tumbo lake kama mtoto wa chekechea, yeye anakunywa nusu ya ziwa. Alijifunza polepole, lakini kufikia msimu mpya aliweza kwenda mpaka kwenye mitumbwi na kurudi. Nilifurahi, na niliingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Kama woga wa maji ndio uliomfanya, mimi ndiye niliyekuwa nauondoa kwa mikono yangu miwili, Jumapili baada ya Jumapili. Atakuwa beki kama wengine. Atapiga, ataloa, atarudi.

Mechi ya kwanza ya msimu, kipindi cha kwanza, alikuwa upande wa ziwa. Mpira ulimjia ukiruka, watu wawili mgongoni. Niliuma penseli. Akaingiza mguu, mpira ukatulia, ukaenda kwa mwenzake. Baada ya dakika chache ukaja mwingine, mbaya zaidi. Vilevile. Mpaka filimbi ya mwisho hakupiga hata mmoja.

Nilimngoja kwenye tofali lake.

“Sasa unajua kuogelea,” nikamwambia. “Mbona hupigi?”

Alinishangaa kwa kweli. Aliacha kamba za viatu akaniangalia.

“Mwalimu, balo iko yetu. Nikiipata, naitupa mu maji ya nini?”

“Lakini siku ile uliipiga.”

“Siku ile haikuwa yetu,” akasema. “Ilikuwa ya bale bapinzani.” Na akaendelea kufungua kamba.

Nilirudi Songo kwa miguu. Nilifungua lile daftari lenye harufu ya ndagala, nikatafuta kurasa zake mbili. Ule wa kushoto niliupita. Nikasoma wa kulia, wa upande wa mlima, ambako kuna ukuta wa matofali na hakuna tone la maji la kuogopa. Hakupiga. Hakupiga. Hakupiga. Niliandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, mechi baada ya mechi, na sikuwa nimesoma.